Mume Wangu Anaongea na Ng'ombe, Binti Yake Hamsemeshi

Mpendwa Mama Mdogo,

Naomba unisaidie kabla sijammwagia mtu mtakatifu sufuria la mafuta ya moto, na mtu huyo mtakatifu ni mume wangu wa ndoa. Tafadhali usichapishe jina langu, maana hapa mtaani Tapovan, Rishikesh, tunajuana wote, na gazeti lako wanalisoma mpaka wauza karanga kabla ya kufungia karanga.

Nianze mwanzo usije ukadhani nimerukwa na akili. Mume wangu anaitwa Vachaspati, yaani bwana wa maneno, na marehemu baba mkwe hakukosea kumpa jina hilo, kwani nilipoolewa nilikuta mtu anayeongea tangu anapoamka mpaka anapokoroma, anabishana na redio, anasahihisha kuhani katikati ya arusi za watu, na mimi na yeye tulikuwa tunagombana kila siku juu ya chumvi ya dengu mpaka majirani wanakuja kuchukua kiti wasikilize. Tulikuwa na kibanda cha chai na bhajia karibu na daraja, yeye anakaanga, mimi nachemsha, na binti yetu Himani akitoka shule baba yake alikuwa anamwona bado yuko juu kabisa kwenye njia ya mlimani, anaweka mwiko chini, anaita kwa sauti ya kupasua bati, Himaniii, na mtoto anaitika kutoka huko juu, abee, baba, na nikimuuliza unamwitia nini mtoto wa watu wakati anakuja, ananijibu, simwitii kitu, nataka nisikie tu kama yupo.

Sasa mwaka juzi mvua zilipoisha, siku moja mume wangu alikuwa anakaanga, tambuu limemjaa mdomoni, mate yamefika ukingoni, na wewe unajua mtu wa tambuu akiulizwa jambo anavyofanya, anainua kidevu juu mate yasije yakamwagika, anasema mmm, basi. Akaja mama mmoja wa Kijerumani, mrefu, jina lake Annegret, shingoni amevaa shanga za kutosha kufungia ng'ombe, akamuuliza kwa Kihindi chake cha kitabuni, "Shanti wapi?" Shanti ni amani, hilo kila mtu analijua, lakini Shanti ni jirani yetu pia, anakodisha vyumba, na wageni wote wanaopita kibandani wenye mabegi ndiye wanayemtafuta, na saa hiyo alikuwa juu ya paa lake anaanika pilipili. Basi mume wangu akainua kidevu, akafumba macho kwa ajili ya moshi, akanyoosha kidole juu, akasema mmm, halafu akajigonga kifuani, maana yake subiri hapo nitakuitia mimi mwenyewe. Yule mama akakaa chini kwenye vumbi akaanza kulia. Mimi nilimletea maji nikidhani ni jua, kumbe yeye aliulizia amani, akaonyeshwa mbingu na moyo.

Kesho yake akarudi na wenzake, wote wamevaa nyeupe, wakakaa mbele ya karai la bhajia wakamtazama mume wangu kama wanaosubiri basi. Mume wangu akataka kuwauliza mnataka za viazi au za vitunguu, lakini mdomo ulikuwa umejaa, akasema mmm. Wakashusha pumzi wote pamoja. Hapo ndipo mdogo wangu Bhuvanesh, ambaye ameshashindwa biashara ya simu, ya mablanketi na ya kukodisha pikipiki, akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, shemeji asifungue mdomo. Akifungua tu, tumekwisha." Nikamwambia, "Wewe una wazimu, huyu hawezi kunyamaza hata akiwa anapiga mswaki." Akasema, "Mpe tambuu jingine."

Mama Mdogo, hivyo ndivyo kibanda chetu kilivyokufa na Kituo cha Ukimya wa Ndani kikazaliwa. Karai likaondolewa, zulia likaletwa, mume wangu akavishwa shuka la rangi ya chungwa, akawekwa kwenye mto, na watu wanalipa kukaa mbele yake wakati anatafuna. Akisema mmm mara moja, wanaandika. Akisema mmm mara mbili, wanakumbatiana. Akitema mate, yale mekundu, Bhuvanesh anawaambia Baba anatema uchungu wa dunia, na kuna bwana mmoja wa Kanada amepiga picha ukuta wetu wa nyuma pale anapotemea, akaenda kuitundika kwao. Bhuvanesh ameongeza na mafunzo ya kupumua, watu wazima wanafundishwa kupumua, na maziwa ya manjano ambayo bibi zetu walitunywesha kwa nguvu tukikohoa sasa yanauzwa kwa kikombe kidogo kama cha sampuli ya damu. Hata ng'ombe wetu Chandri amepangiwa saa za kukumbatiwa, wanamkumbatia shingoni wanalia, na maziwa yamepungua nusu. Halafu kinachonishangaza mimi ni hiki, watu hawa wametoka kwao ambako jirani akiburuta kiti unamwita polisi, wanakuja kutafuta ukimya Rishikesh, kwenye honi, kengele, spika za mahekalu na nyani wanaopigana juu ya mabati.

Sisemi kwamba hatukufaidika, tumebadilisha paa, tumenunua friji, na jirani Shanti amenuna hadi leo kwa sababu anasema amani waliyoitafuta ni yeye na hajapewa hata kikombe cha sukari. Tatizo ni kwamba wageni tuliwaweka kwenye vyumba vyetu vya juu, kuta ni nyembamba, kwa hiyo Bhuvanesh akasema shemeji asiongee hata nyumbani, wasije wakamsikia anagombania chumvi. Basi mume wangu akawa hasemi barazani, akaja akawa hasemi jikoni, akaja akawa hasemi hata chumbani nimezima taa, na hapo nilijaribu kila njia, nimemtukana, nimembembeleza, nimemwekea dengu bila chumvi kabisa, amekula mpaka akamaliza. Amepewa kengele ya shaba. Akitaka chai anagonga, akitaka taulo anagonga, nisipoelewa anagonga kwa hasira. Nimeolewa na mlango wa hekalu wenye kengele.

Annegret naye haachi kuja, anaondoka viza ikiisha, anarudi, na Kihindi chake sasa ni kizuri kuliko cha Bhuvanesh. Juzi alinisaidia kuchambua mchele nikamuuliza kwa uchokozi, "Hivi wewe dada, kwenu hakuna mwanamume anayejua kunyamaza?" Akacheka, akasema, "Baba yangu. Alikuwa hasemi kitu. Anakula, anasoma gazeti, analala, mpaka amekufa." Nikamwambia, "Sasa si ungekaa naye huyo bure?" Akachambua mchele kidogo, akasema, "Yule nilikuwa namkimbia." Nikampa chai.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe linalonitoa usingizi. Himani wangu ni mwalimu Dehradun, amepata mchumba, Lokesh Uniyal, kijana mtulivu wa kwao mlimani kama sisi, arusi ni mwezi ujao na Himani ameshakuja nyumbani likizo. Na wewe unajua arusi zetu, baba ndiye anayemtoa binti, anauweka mkono wa binti kwenye mkono wa bwana arusi, na anatamka kwa mdomo wake mwenyewe. Kuhani ameshatuambia hapokei kengele wala hapokei mmm. Nikamwendea Bhuvanesh nikamwambia arusi ikikaribia tunafunga duka, mume wangu aongee, imetosha. Bhuvanesh akanitazama kama nimemuua mtu. Kumbe ameshauza nafasi. Ameitangaza arusi ya mwanangu huko kwenye simu, Arusi ya Ukimya, njoo ushuhudie mtakatifu akimtoa binti yake kwa macho tu, na watu wameshalipa mpaka nauli za ndege.

"Dada, acha ushamba," ananiambia. "Maneno kila mtu anayo. Wale maneno wanayo tele kwao, ndiyo maana hawayalipii. Shemeji atatazama tu, mimi mjomba nitasema maneno kwenye spika nyuma ya pazia."

Himani alikuwa anasikia. Akatoka akasimama mbele ya baba yake, akamwambia kwa adabu kabisa, "Baba, sitaki mjomba nyuma ya pazia. Nataka unitaje jina wewe. Usiponitaja, sikai kwenye arusi hiyo, mimi na Lokesh tutakwenda kuandikishana kwa hakimu, na wewe nitakutumia picha." Mume wangu akainamisha kichwa. Halafu Mama Mdogo, akagonga kengele. Mpaka leo sijui alitaka nini, maji au msamaha, na Himani hakungoja kujua, akaingia ndani akafunga mlango. Na mama yake Lokesh naye kanipigia simu anaulizia kwa kuzungukazunguka, eti huo ububu wa baba yake Himani ni wa kuzaliwa, uko kwenye damu, maana sisi tunafikiria wajukuu.

Na bado hujasikia lililonimaliza. Wiki iliyopita Himani alikwenda zizini alfajiri kuchukua maziwa, akasikia mtu anaongea. Ni baba yake. Anaongea na ng'ombe. Mtoto akasimama nyuma ya mlango, baba yake ameshika mkia wa Chandri anamsimulia habari za ukoo, anamtajia baba wa babu yake, kisha babu yake mzaa baba, kisha baba yake mwenyewe, anamwambia sisi ni wa ukoo wa Bharadwaj, kama vile ng'ombe ameuliza, halafu akasema Himani, akanyamaza. Akapenga kamasi. Akaanza upya tena tangu kwa wale wazee, akafika pale pale akanyamaza. Himani alirudi ndani bila maziwa, amekuwa mweupe, akaniambia, "Mama, kumbe sauti anayo. Ng'ombe ndiye anayestahili, mimi sistahili." Tangu siku hiyo hamwiti tena baba, anasema "yule bwana wa zulia." Mimi moyo umenichanika, na hasira niliyo nayo siwezi kuiandika kwenye karatasi, karatasi itaungua.

Niambie nifanyeje. Nimwache niende kwa mama yangu huko Pauri? Nimwambie Annegret ukweli wa Shanti na pilipili ili wote waondoke? Au nimkomeshe kimyakimya, maana mimi ndiye ninayemsokotea tambuu kila asubuhi, naweza kumtilia humo pilipili kali ya yule jirani na atasema tu, atasema mpaka Haridwar wamsikie.

Ni mimi,
Mke wa Bubu wa Kujitakia

*

Mke wa Bubu, mwanangu,

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukanitajia la mume, la binti, la mkwe, la mdogo wako, la Mjerumani na la ng'ombe. Haya, lako nimelificha. Hakuna atakayekutambua isipokuwa wilaya nzima.

Kwanza pole. Pili, nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama naumwa, na usinikasirikie, kwa sababu hata wewe ulikuwa unacheka ulipokuwa unaandika habari za ukuta wa mate. Tatu, sasa kicheko kimekwisha, kaa vizuri nikuseme.

Umeandika kurasa nzima kulalamika kwamba mume wako hafungui mdomo, na mwisho kabisa, kama mtu anayedondosha sarafu, unaniambia wewe ndiye unayemsokotea tambuu kila asubuhi. Wewe. Kwa mikono yako. Unapaka jani chokaa, unapaka katu, unaweka popoo, unakunja, unamziba mume wako mdomo, halafu unauliza mbona haongei. Bhuvanesh alikwambia mpe tambuu jingine, ukampa, na umekuwa ukimpa tangu siku hiyo, na friji lako linanguruma vizuri. Huwezi kusema huyu kageuzwa sanamu na watu wengine wakati mapambo ya sanamu unayaweka wewe. Hiyo pilipili usithubutu. Utamuunguza ulimi mwezi mmoja kabla ya siku moja anayouhitaji.

Kwa mama yako Pauri usiende. Utakwenda kufanya nini huko? Kugombania chumvi na mama ambaye kwa umri huo hakosi shinikizo la damu?

Bhuvanesh ni mdogo wako, na naona unamwogopa kidogo kwa sababu safari hii biashara yake haijafa. Mwite umkalishe. Mwambie mjomba ana kazi zake kwenye arusi, kupokea wageni, kubeba vitu, kuwafokea wapishi, na akizifanya vizuri atasifiwa. Maneno ya kumtoa binti hayasemwi nyuma ya pazia, na kiingilio hakiwekwi. Wale aliowauzia nafasi awarudishie pesa zao, hata kama itabidi auze na lile zulia. Atalia. Mwache alie, amewaona wengi wakilia mwaka huu, atajua namna ya kupumua.

Wageni wenyewe usiwatukane sana. Mtu anayetoka mbali kuja kulipia kukumbatia ng'ombe ana jambo linalomsumbua, na si kosa lake kwamba mlimwekea bei badala ya kumpa kiti. Waambie wanaotaka kuja arusini waje kama wageni wa arusi wanavyokuja, wakae chini, wale mikate ya puri kwa mkono, wacheze ngoma vibaya kama wajomba wote wanavyocheza. Annegret mweleze habari ya Shanti na pilipili, lakini mweleze wewe mwenyewe, mkiwa mnachambua mchele, si kwa kumkomoa. Nadhani atacheka. Nadhani pia anajua siku nyingi, kwa sababu mtu aliyekwisha kujua Kihindi kuliko Bhuvanesh hawezi kuwa hajamsikia jirani yako akinung'unika juu ya paa. Habaki kwa ajili ya hekima ya mume wako, anabaki kwa sababu baba yake amekufa kabla hajaongea naye, na kwako anapewa chai. Na huyo jirani, jamani, mpelekeeni sukari.

Mama yake Lokesh mpigie simu leo. Mwambie si damu, ni tambuu. Ataelewa, yeye ni wa mlimani, ana shemeji wa namna hiyo.

Sasa tuje zizini, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umelipita mbio kwa hasira, na hapa ndipo ningekuwa karibu ningekufinya sikio.

Himani ni msichana wa Dehradun, hajawahi kuoza mtoto, yeye nimemsamehe. Lakini wewe umekaa kwenye arusi ngapi katika maisha yako? Umekaa mbele ya moto wa arusi mara ngapi, miguu imekufa ganzi, ukisikiliza baba za watu wakisema? Hebu acha kupika, safisha mikono, usome tena ulichoniandikia. Baba wa babu. Babu. Baba. Ukoo wetu, Bharadwaj. Kisha jina la binti. Mwanangu, ni wapi duniani mtu anawataja watu hao kwa mpangilio huo? Baba yako aliwataja wazee wake hivyo hivyo siku uliyotolewa wewe, na ulikuwa umekaa pale umejifunika, unasikia. Mume wako hamsimulii ng'ombe habari za ukoo. Anafanya mazoezi ya kumtoa Himani.

Na kila akifika kwenye jina anakwama, kwa sababu baada ya jina hilo neno linalofuata ni namtoa.

Mtu huyu alikuwa anaweka mwiko chini aite mtoto bila sababu yoyote, asikie tu kama yupo. Sasa anatakiwa alitamke jina hilo hilo mbele ya watu, mara ya mwisho akiwa wake, halafu auachie mkono. Unafikiri ananyamaza kwa ajili ya Wajerumani? Mwanzoni ndiyo, alikuwa ananyamaza kwa ajili ya tambuu, na baadaye kwa ajili ya paa. Lakini tangu uchumba ulipoingia nyumbani kwako amekuwa akinyamaza kwa sababu anaogopa, na nyinyi mmemrahisishia, mmempa mto, shuka la chungwa na watu wa kuitazama hofu yake wakisema ni utakatifu. Mwanamume gani asingekaa hapo? Mkoa huu umejaa baba za watu ambao wangelipa wao wenyewe wapate zulia kama hilo wiki ya arusi ya binti.

Usimwonee huruma kupita kiasi, hata hivyo. Ile kengele aliyomgongea mtoto ni utovu wa adabu, mtakatifu au si mtakatifu, na siku atakapoanza kuongea neno la kwanza unalomdai ni samahani. Mdai.

Basi fanya hivi. Tambuu la kesho usilisokote. Akigonga kengele, usiende. Akigonga kwa hasira, imba. Siku ya arusi yenyewe hutakuwa na kazi, maana wazazi wa binti hawatii kitu mdomoni mpaka binti atolewe, na nashangaa nyumba nzima ya Mabrahmini, watu wa ukoo wa makuhani, mmeuza tiketi za mtakatifu mwenye tambuu kwa siku ambayo lazima akae na mdomo mtupu. Hata kama usingeniandikia, siku hiyo ingewaumbua. Lakini usingoje siku hiyo. Mtu hawezi kunyamaza miaka, kisha akafunguliwa mdomo mbele ya moto, kuhani na ukoo wa Uniyal, ajaribu jina hilo kwa mara ya kwanza. Sauti itamvunjikia, na Himani atadhani hakutaka.

Himani msomee barua hii, usimwachie asome mwenyewe, ataruka mahali. Mwambie anastahili kuliko ng'ombe, ila ng'ombe ni rahisi, kwa sababu ng'ombe haondoki na Lokesh. Halafu kesho alfajiri atangulie yeye zizini kabla ya baba yake, akae upande wa pili wa Chandri pale penye giza, na ile kengele uwe umeshaificha kwenye pipa la unga. Asikohoe, asijitokeze, asimsaidie. Amwache awataje wazee wote mmoja mmoja, amwache ataje ukoo. Na baba yake akifika kwenye jina lake akanyamaza, asiseme kitu kingine chochote, aitike tu kama alivyokuwa akiitika kutoka juu ya njia ya mlimani.

Abee, baba.